Mpigo wa leza haukatwi kwa swichi

Ami yangu ni fundi redio Chake Chake. Idi iliyopita nilimweleza kuwa kazi yangu ni kuunda mipigo mifupi mno ya mwanga wa leza, naye akanibana: "Sasa hiyo swichi ya kuwasha na kuzima upesi namna hiyo mnaitoa wapi?"

Haipo. Swichi ya umeme, hata iwe ya kasi vipi, hukwama kwenye pikosekunde, yaani femtosekunde elfu moja. Mipigo ninayoishughulikia ni ya femtosekunde 10, na ndani ya sekunde moja zimo femtosekunde bilioni mara milioni. Kwa muda huo mwanga, na mbio zake zote, husogea mikromita 3 tu.

Kwa hiyo saa hatuigusi; tunagusa rangi. Mpigo mfupi hauwezi kuwa wa rangi moja. Huu wa femtosekunde 10, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 800, unataka rangi zilizotandaa upana wa nanomita 90 na ushei. (Nasema rangi kwa mazoea, nyingi kati ya hizo jicho halizioni.) Ni kama taarabu: fidla, ganuni na dumbaki zikiingia sawia unasikia pigo moja, kila mmoja akiingia kwa wakati wake, pigo limekwisha. Na kuzitawanya rangi ni rahisi mno: upitishe mpigo huo kwenye sentimita moja ya kioo cha silika, utatoka na femtosekunde kama 100.

Kifaa chenyewe cha kuzipanga rangi hizo hukaa mezani. Mwanga hupiga kioo kilichochorwa mamia ya mistari kwa kila milimita, rangi zikaachana. Lenzi huzipanga safu moja, kila rangi na nukta yake. Hapo kwenye safu ndipo penye kazi: utepe wa fuwele za kimiminika, jamaa ya zile za skrini ya televisheni, wenye vidirisha 128 au hata 640. Kila kidirisha kina volti yake; ukiibadilisha, molekuli hugeuka na rangi ile hucheleweshwa kidogo. Lenzi ya pili na kioo cha pili huzikusanya tena.

Ucheleweshaji ukichorwa kwa umbo la wimbi, mpigo mmoja hutoka msururu. Ukichorwa kama bakuli, unafuta madhara ya kile kioo cha silika. Mwaka 1992 Richard Judson na Herschel Rabitz walipendekeza kompyuta ijitafutie yenyewe umbo la mpigo linaloielekeza molekuli inayomulikwa tunakotaka, na kwangu hilo ndilo wazo tamu kuliko yote katika fani hii.

Ila vidirisha vina idadi. Ukiung'ang'aniza mpigo urefuke kupita pikosekunde kadhaa, vinaanza kuzuka vipigo vya pembeni ambavyo hukuviomba.