Kura ya Maoni Si Kura Unayoifikiria

Juzi jioni matatu yetu ya Umoja imekwama Jogoo Road, mtangazaji wa redio akauliza wasikilizaji kama bado wananunua unga wa pakiti au wamerudi kusagisha mahindi poshomili. Wakapiga simu watu sita. Kabla ya tangazo la sabuni akahitimisha: "Kura yetu ya maoni imeonyesha Wakenya wamehama unga wa pakiti." Konda akaitikia kwa kichwa. Mama niliyekaa naye alikuwa amepakata pakiti mbili.

Kura ya maoni ni kuwauliza watu wachache, waliochaguliwa kwa utaratibu maalumu, maswali yale yale, ili kukadiria kundi zima linaonaje. Basi.

Kinachotupoteza ni hilo neno kura. Lilitoka Kiarabu, na kazi yake ya kwanza haikuwa kumpata mbunge bali bahati nasibu. Mabaharia waliosafiri na Yona walipopigwa na dhoruba walipiga kura wajue nani kawaletea mkosi, ikamwangukia yeye. Hakuna aliyekuwa akigombea kitu pale. Baadaye uchaguzi ukalimeza neno, na siku hizi mtu akisikia kura anauliza nani kashinda. Tukazidi kulitwika mizigo: katiba tuliyoikataa 2005 na ile tuliyoipitisha 2010, zote tulisema ni kura ya maoni. Ukimtajia mwana CCM kule Tanzania, atafikiria mchujo wa wagombea chamani. Wanaosema kura ya maamuzi wanapozungumzia katiba nawaunga mkono, maana pale kweli mnaamua.

Ajabu ni kwamba maana ile ya kale ndiyo inayoufaa utafiti. Anayepiga kura ni mtafiti: mtaa upi, nyumba ya ngapi, nani humo ndani. Mdadisi makini hakuhoji kwa sababu wewe ndiwe uliyefungua mlango. Anaorodhesha watu wazima wa nyumba hiyo, tabuleti inachagua mmoja kwa bahati nasibu, na kura ikimwangukia shangazi aliyekwenda sokoni Gikomba, itabidi arudi jioni.

Bila hivyo, hata wingi hauokoi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamwangusha Rais Roosevelt. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, tena wakati wa dhiki ya uchumi. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Watu 1,000 waliopatikana kwa bahati nasibu hukupa jibu linaloyumba kama asilimia 3 tu juu au chini, uwe unaipima Nairobi au Kenya nzima.

Na maoni nayo ni vile mtu aonavyo, si atakavyofanya. Mpe mtu chai ya kuonja dukani, umuulize kama atainunua. Atasema ndiyo kwa adabu tu, kisha achukue ile ya bei nafuu.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kipindi chako nakipenda na nitaendelea kukisikiliza. Ila siku nyingine sema tu, "Wasikilizaji sita wametupigia, na hivi ndivyo waonavyo." Mama wa pakiti mbili hatakuwa na neno.