Salamu za Krismasi hazifukuzi wateja Tanga

Ikifika katikati ya Novemba wanaanza. Meneja masoko, mara nyingi aliyehamia Tanga juzijuzi, anauliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia ugonjwa wa aibu: "Hivi tukiweka Heri ya Krismasi kwenye ukurasa wa kampuni, na huu mji wa Waislamu, wateja hawatatukimbia?" Mwenzake aliyesoma zaidi anaongezea kwamba Katiba inasema nchi haina dini, kwa hiyo kampuni nayo inyamaze. Mwisho wanakubaliana kutoa bango lenye maputo na maneno "Tunawatakia sikukuu njema", sikukuu isiyotajwa jina, kisha wanajipongeza kwa busara.

Kazi yangu ni rasilimali watu na matangazo ya kampuni, na hoja hii nimeshaichoka. Tuimalize ile ya Katiba kwanza maana ni fupi. Ibara ya 3 inaizungumzia Jamhuri ya Muungano, haizungumzii duka la vipuri la Barabara ya Kumi na Mbili. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu kuamini anachoamini. Na Jamhuri hiyohiyo isiyo na dini imeziweka Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi, Maulid na Idi zote mbili kwenye orodha moja na Nane Nane na Siku ya Muungano, na siku hizo inafunga ofisi zake. Kama serikali inafunga na kusema sababu, wewe unayeuza saruji unaogopa nini?

Sasa huo "mji wa Waislamu". Ni kweli Tanga ni mji wa madrasa na masheikh wakubwa, hakuna anayebisha. Lakini Kanisa Kuu la Mtakatifu Anthony nalo liko mjini, Waanglikana wako Magila kule Muheza tangu karne ya 19, na Walutheri wa Kaskazini Mashariki makao yao ni Lushoto. Chukua ukoo wowote wa Kibondei au Kisambaa: baba mkubwa mzee wa kanisa, shangazi hajati, na kwenye msiba wa familia wote wanakaa jamvi moja. Mtu aliyekulia hivyo hawezi kukimbia duka kwa sababu limewasalimia binamu zake. Aliyewaambia atakimbia hajakaa barazani Ngamiani hata jioni moja.

Wanachokiona watu ni kitu kingine, na kwanza ni hesabu. Kampuni iliyotoa bango la rangi Krismasi, ikatoa jingine Pasaka, halafu Idi ikapita kimya au ikapewa mstari mmoja saa tano usiku, hiyo inasemwa. Na kinyume chake vilevile: iliyofuturisha Ramadhani nzima na kupiga picha, ikafika Desemba ikasahau kusema lolote, Mkristo anayefunga hesabu zako ameona, ila hatakuambia. Dawa yake ni kazi ya nusu saa mwezi Januari. Andika sikukuu zote za kidini zilizomo kwenye orodha ya kisheria, kila moja ipewe bango la ukubwa uleule, bajeti ileile, na mtu mmoja mwenye jukumu. Basi.

Hapo kwenye kulingana ndipo kanuni yangu inapotoboka, na vitabu vya utumishi huwa haviligusi tundu hilo. Tanga kuna Wahindu, na Diwali haimo kwenye orodha ya mapumziko. Wapo Wakristo ambao Krismasi yenyewe si yao: Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi wala Pasaka, na Wasabato wengi hawaihesabu kuwa sikukuu ya kanisa, Msabato ukitaka kumheshimu, usimpangie zamu kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Na Maulid je? Wapo Waislamu hapahapa mjini wanaoiona bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini, lakini sijasikia meneja hata mmoja akiniuliza kama salamu ya Maulid itafukuza wateja. Kwa hiyo orodha ya kisheria ni mstari niliouchagua kwa sababu unatetewa kirahisi kwenye kikao. Sidai kwamba ni wa haki kabisa.

La pili ni uzembe, na hapa ndipo huwa napandisha presha. Ijumaa Kuu si sherehe. Ni siku ya kukumbuka kifo. Wakatoliki wanafunga na hawali nyama, na ibada ya mateso kwa kawaida ni saa tisa alasiri. Halafu unaona bango la kampuni lenye maputo, "Furahia Ijumaa Kuu na ofa ya asilimia 20", na kantini imetangaza mishikaki. Huyo hajamkosea Mwislamu; amemkosea yuleyule aliyedhani anamsalimia. Ijumaa Kuu toa tangazo la saa za kufungua, rangi zilizotulia, bila ofa, bila "heri". Furaha iache mpaka Jumapili ya Pasaka. Wengine wanawahi kuitangaza Jumamosi mchana, kabla ya mkesha, kwa sababu mtu wa grafiki anataka kufunga kompyuta aende zake. Bango lipangie muda lijitume lenyewe Jumapili asubuhi, simu nyingi siku hizi zinaweza.

Tarehe nazo. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, kwa hiyo inacheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Usinakili kalenda ya mwaka jana. Kwa 2026 Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni 6 Aprili, na kesho yake 7 Aprili ni Siku ya Karume: siku 5 mfululizo ambazo benki na ofisi nyingi zinakuwa na Jumamosi moja tu katikati, nayo nusu. Mwenye kulipa vibarua kwa wiki asipotoa fedha Alhamisi tarehe 2 atatafutwa. Halafu angalia mwezi wa Kiislamu. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani miaka yote mitatu, na bado mabango yalijaa sahani za pilau na glasi za juisi, yakatumwa mchana kwa watu waliofunga. Kuwasalimia Wakristo hakukuwa kosa. Ungeweka picha ya maua.

Ya picha nitayapitisha haraka. Theluji Tanga, tena kaskazi inavuma na jasho linakutoka umekaa, inachekesha. Usiweke sura ya Yesu wala msalaba karibu na bei. Usichapishe aya ya Biblia kwenye mfuko wa bidhaa, kwa sababu mfuko huo kesho uko mtaroni. Mti wa plastiki uondoke kabla ya katikati ya Januari. Kuna ofisi zinaingia nao Kwaresima. Na kofia nyekundu za Baba Krismasi: usimvalishe mlinzi wala dada wa mapokezi ambaye hakuomba. Kampuni kutoa salamu ni jambo moja. Kumlazimisha Mwanaidi aivae salamu hiyo kichwani juu ya ushungi wake kuanzia saa mbili asubuhi ni jambo jingine, na hapo malalamiko yatakayokuja ni ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja dini miongoni mwa misingi ya ubaguzi uliokatazwa kazini.

Meseji za wateja zina mtego wake. Kuna watu wanajiona wajanja: wanachuja orodha, Yohana na Maria wanapelekewa Krismasi, Juma na Zainabu wanapelekewa Idi. Kwanza kwa Tanga haifanyi kazi, majina ya ukoo kama Mhina na yale yote yanayoanzia She- yako pande zote mbili, na la kwanza nalo linadanganya, maana Mariamu anaweza kuwa wa kokote. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaiweka imani ya dini kwenye kundi la taarifa nyeti. Kumpanga mteja kwa dini uliyomkisia bila ridhaa yake ni kujitafutia kesi kwa ajili ya salamu. Tuma kwa wote, ujumbe mmoja, usiozidi herufi 160 ili usilipe mara mbili: "Kwa wateja wetu Wakristo, heri ya Krismasi. Tutafunga 25 na 26 Desemba, tutafungua 27 saa 2 asubuhi." Mwislamu akiipata amepata saa za kufungua. Itume tarehe 24 kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Na ukiwa hapohapo, ifute safu ya "Dini" kwenye fomu ya maombi ya kazi. Ukihitaji kupanga zamu, mwulize aliyekwisha ajiriwa: "Kuna siku za ibada ungependa usipangiwe?" Anayetaka atajaza.

Sasa jambo ambalo wenye mabango hawalitaki. Salamu bila malipo ni kelele. Kifungu cha 25 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini: anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Saa moja unaipata kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45 unagawa kwa 195 hivi. Mwenye sh 390,000 saa yake ni sh 2,000, ya Krismasi ni sh 4,000, zamu ya saa 8 ni sh 32,000.

Panapoharibika ni zamu ya usiku. Anayeingia saa nne usiku tarehe 24 na kutoka saa kumi na mbili asubuhi ana saa 2 za kawaida na saa 6 za Krismasi, kwa sababu sheria inahesabu saa zilizofanywa siku hiyo. Programu nyingi za mishahara zinasoma tarehe ya kuingia tu, kwa hiyo zamu nzima inaandikwa ya tarehe 24 na zile saa 6 zinayeyuka. Kwa ujinga uleule, aliyeingia usiku wa tarehe 26 analipwa sikukuu mpaka asubuhi ya 27. Kabla ya kufunga mishahara, zigawe kwa mkono pale saa sita usiku tarehe inapobadilika, na usisahau nyongeza ya usiku isiyopungua asilimia 5, kuanzia saa mbili usiku.

Je, hiyo "mara mbili" kwa mtu wa mshahara wa mwezi inakuwa sh 4,000 juu ya mshahara, au sh 2,000 kwa kuwa moja imo tayari ndani ya mshahara? Kifungu hakisemi hivyo waziwazi, na wahasibu wamegawanyika. Mimi niko na wanaoongeza zote, kwa sababu siku ile angelipwa hata akilala nyumbani kwake Makorora. Lakini naelewa hoja ya upande wa pili, na pesa ikiwa nyingi hata mimi ningetaka iandikwe kwenye mkataba kuliko kuachiwa mhasibu.

Kubadilishana zamu ndio utaratibu wa Tanga tangu zamani: Waislamu wanashika Krismasi, Wakristo wanashika Idi. Ni utaratibu mzuri, ila haulingani kama unavyoonekana kwenye karatasi. Krismasi ina tarehe; Idi ya kumaliza Ramadhani inasubiri mwezi uandame na itangazwe usiku. Mkristo aliyekubali "siku ya Idi" anajikuta amewekwa tayari siku mbili. Andika ratiba mbili, ya mwezi wa siku 29 na ya siku 30, bandika zote, na siku ya kusubiri ihesabiwe. Upande wa Krismasi, anza kumpumzisha mtu tangu jioni ya tarehe 24, maana anayekwenda misa ya mkesha hana faida na likizo inayoanza asubuhi.

Ijumaa Kuu ndiyo inayovunja ratiba kabisa. Ni Ijumaa. Mwislamu uliyemtegemea anataka kuwa msikitini saa saba mchana, Mkristo anataka kuwa kanisani saa tisa. Kwa hoteli, zahanati, bandari au tanuri la chokaa lisilozimwa, una shimo kuanzia saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja. Usipange kwa zamu nzima, panga kwa saa: Wakristo washike mpaka saa nane, Waislamu warudi saa nane kasoro robo, makabidhiano dakika 15 na wote wawili wawepo, aliye msikiti wa mbali apewe usafiri wa kumrudisha. Kazi yoyote inayohitaji watu wengi kwa pamoja, kama kupakua kontena, isogezwe asubuhi au Jumamosi. Wenye bango la maputo wakimaliza kubishana kuhusu rangi, huwa ratiba hii bado haijaandikwa, na Alhamisi saa kumi na moja jioni simu inaanza kuita.