Kanisa la Jangwani Lililookolewa na Chokaa

Kanisa la San Xavier del Bac, kusini mwa Tucson, Arizona, Marekani, lina minara miwili, lakini ule wa mashariki haukuwahi kuvikwa kuba. Padre Eusebio Francisco Kino wa Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, alianzisha misheni hapo mwaka 1692, katika kijiji cha Waoodham, wenyeji wa jangwa hilo. Jina ni la Mtakatifu Fransisko Xavier, yuleyule aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa.

Jengo la leo si la Kino. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania, aliyetawala eneo hilo wakati huo, aliwafukuza Wajesuiti; Wafransisko, shirika jingine la watawa, waliochukua nafasi yao ndio waliolijenga, kuanzia 1783 hadi 1797, kwa fedha za mkopo na nguvu kazi ya Waoodham. Tusisahau kwamba misheni hizi zilikuwa pia mkono wa utawala: ziliwakusanya wenyeji, zikabadili ibada na kazi zao, na maradhi mageni yakawaua wengi.

Jangwani hakuna miti mirefu ya kutoa boriti, kwa hiyo paa lote ni kuba za matofali ya kuchoma. Kuta ni nene: matofali pande zote mbili, katikati mawe yaliyoshindiliwa kwa chokaa. Ndani, mafundi waliokosa marumaru na vigae walivichora ukutani kwa rangi. Upo hata mlango wa kuchora, unaofanana na ule wa kweli ulio upande wa pili.

Hatari kubwa ililetwa na ukarabati wa karne ya 20. Nje palipigwa lipu ya saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani. Maji yaliyopenya kwenye nyufa yakakosa pa kutokea, matofali yakaanza kumung'unyuka, michoro ikabanduka. Mwenye nyumba ya mawe na chokaa Lamu au Mji Mkongwe alizingatie hili kabla ya kuagiza mifuko ya saruji.

Tiba ilikuwa ya kizamani: saruji ikabanduliwa, ikapigwa lipu ya chokaa na mchanga iliyochanganywa na utomvu wa dungusi kakati. Ule ute hupunguza kasi ya lipu kukauka, ikashika vizuri bila kupasuka, na husaidia kuzuia mvua. Kati ya 1992 na 1997 wahifadhi kutoka nchi mbalimbali walisafisha michoro na sanamu, huku wakiwafundisha kazi hiyo vijana wa Kioodham, ambao kanisa hili bado ni parokia yao.