Mrengo ukishatoka si mrengo tena

Mrengo ni sehemu ya wanachama walio na msimamo wao, tofauti na wa uongozi au wa walio wengi, lakini bado wamo ndani ya chama kilekile. Hapo kwenye "bado wamo ndani" ndipo watu wanapoteleza. Tunasikia kila mara kwamba mrengo fulani "umejiengua na kusajili chama". Kikishasajiliwa, hicho ni chama.

Picha iliyomo ndani ya neno inatosha kuonyesha kosa. Mrengo, ambao wengine huuita mrengu, ni kile kiungo cha mti kinachotokeza ubavuni mwa ngalawa ili chombo kisipinduke. Ngalawa huwa nayo kulia na kushoto. Iko nje ya mwili wa chombo, inakokotana na maji kivyake, ila imefungwa kwa kamba na haiendi popote peke yake. Kamba zikikatika unabaki na gogo linaloelea, na mabaharia wenye wasiwasi. Mgawanyo wa kisiasa wa kulia na kushoto tuliupokea kutoka Ufaransa ya 1789, kwa namna wajumbe wa bunge walivyokaa ukumbini. Wazungu wakazungumzia bawa, sisi tukachukua mrengo, na kwa maoni yangu tulipata neno bora, maana bawa halisemi lolote kuhusu kuzuia chombo kisizame.

Angalia FORD, chama cha upinzani cha Kenya. Mwaka 1992 palikuwa na kundi la Agip House chini ya Oginga Odinga na la Muthithi House chini ya Kenneth Matiba, yakiitwa kwa majina ya majengo kwa sababu yote mawili yalikuwa FORD. Hiyo ni mirengo. Kufikia uchaguzi wa Desemba mwaka huo ilikuwa imekuwa FORD-Kenya na FORD-Asili, vyama viwili vilivyogombea kura zilezile, na KANU, chama tawala, ikashinda.

Kosa la pili ni kumwita mrengo kila anayenung'unika. Wabolsheviki, yaani chama cha kikomunisti cha Urusi, walipopiga marufuku mirengo katika mkutano mkuu wao wa 1921, walitaja alama mbili: kuwa na jukwaa lake la sera, na kuwa na nidhamu yake ya ndani, yaani watu wanakubaliana kando kisha wanapiga kura kwa pamoja. Wabunge watatu waliokasirika siku moja hawajafika hapo.

Na tusichanganye na madhehebu. Neno hilo limetokana na Kiarabu chenye maana ya kwenda: ni njia inayofuatwa. Katika Kiarabu madhehebu ni neno la umoja, si la wingi; sisi tuliidhani ile "ma-" ya mwanzo ni ya wingi, tukachonga dhehebu. Hakuna mgawanyiko wowote katika shina lake. Anayetaka neno lenye mpasuko ndani yake analo: firka, la ukoo mmoja na faraka na mfarakano.

Kwa hiyo waliobaki na kadi wakipinga kwa pamoja, andika mrengo (huu, mirengo hii). Waliokwisha kuondoka, andika "kundi lililojitenga", au taja tu jina la chama chao kipya.