Je, wajua ni nini hasa kilichowapunguza makuli wa bandari?

Ukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni, muulize aliye karibu nawe makuli wa bandarini wameishia wapi. Atakuonyesha zile kreni ndefu zilizochomoza ndani ya bandari na kusema mashine zimekula kazi. Jibu linaingia akilini, ndiyo maana limedumu. Shida ni kwamba tarehe zinalikataa.

Kreni na winchi zilikuwapo wakati makuli ni wengi. Magati ya Ulaya yalikuwa na kreni za mvuke tangu karne ya 19, na meli za mizigo zilizofika Dar es Salaam zilikuja na winchi zake. Hapa meli kubwa zilitia nanga majini, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi ufukoni. Gati za kina kirefu za kwanza zilianza kazi mwaka 1956. Muda wote huo winchi zilinguruma na makuli hawakupungua. Winchi ina nguvu, lakini haijui kukusanya magunia. Lazima pawe na genge tumboni mwa meli la kujaza slingi (kamba au wavu wa kunyanyulia mzigo), jingine chini la kuzifungua, na jingine la kubeba hadi ghalani. Ukiongeza kasi ya winchi, unaongeza watu kwenye ncha zote mbili. Makuli wa Dar walipogoma mwaka 1947, mgomo ulipanda na Reli ya Kati hadi bara. Aliyekwisha kupokonywa kazi na mashine hatikisi nchi namna hiyo.

Kilichobadili mambo ni sanduku, yaani kontena. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X, mali ya Malcom McLean, Mmarekani aliyetajirika kwa biashara ya malori, iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kupakia kwa mikono kulikadiriwa kugharimu dola 5.86 kwa tani. Kwa makontena, gharama ilishuka hadi karibu senti 16.

Kwa nini sanduku liweze kufanya ambacho kreni ilishindwa? Fikiria unahama kutoka Mbagala kwenda Tegeta na umekodi Fuso. Vyombo viko ovyo: sufuria, ndoo, viatu, sahani moja moja. Ukileta Fuso lenye injini kubwa maradufu, hujaokoa hata nusu saa, kwa sababu gari limesimama mlangoni likisubiri sahani. Ukiita majirani zaidi, watakwamana mlangoni. Sasa chukulia kila chumba kimekwisha kufungwa kwenye sanduku moja lenye pa kushikia, tangu jana yake. Fuso linafika, linapakiwa, linaondoka. Ila kuna mtu aliyezipanga zile sahani jana, na kuna atakayezitoa kesho. Kazi ya sahani ipo palepale. Imehama tu kutoka mlangoni.

Kwa hesabu ya bandari: tani 20 za sukari kwenye magunia ya kilo 50 ni magunia 400. Zamani kila kituo, kuanzia tumbo la meli hadi ghala, kilimaanisha kushika magunia 400 upya. Kontena la futi 20 linabeba yote, na kila kituo ni kulinyanyua mara moja. Ujanja wenyewe uko kwenye pembe zake nane, ambazo zina matundu ya kipimo kilekile popote duniani. Kreni inajishikiza yenyewe, hakuna wa kufunga kamba.

Hizo sahani za kesho, kwa Dar es Salaam, ziko Kariakoo. Tela linaegeshwa usiku, mitaa ikiwa imepungua watu, lakiri inakatwa kwa mkasi wa chuma, na milango inafunguka kwenye ukuta wa maboksi uliofika darini. Foklifti haina pa kuingilia: sakafu ya kontena iko juu ya tela, usawa wa kifua cha mtu, na mlango ni wa upande mmoja tu. Vijana wawili wanapanda, wengine wanapokea kwa bega, pembeni karani anahesabu kwa kalamu. Mara nyingi mzigo ni wa wafanyabiashara wengi waliochangia kontena moja kutoka China, kila mmoja na alama yake ya wino kwenye boksi. Mpagazi mzuri anazijua alama hizo na anajua lipi liende kwenye guta la nani, bila kuuliza. Maboksi hayo hayakuguswa na mkono wa mtu pale bandarini.

Tahadhari kidogo. Kazi ndiyo iliyohama, si lazima watu walewale, na nafasi moja iliyopotea gatini haikuzaa nafasi moja Kariakoo. Kulipwa kwa siku gatini na kulipwa kwa kontena mtaani ni maisha mawili tofauti.

Gatini kwenyewe ujuzi umebadilika sura. Kuli alihitaji kujua mafundo, na kujua mzigo gani ulale chini ya upi. Leo mpangilio huo unapangwa kwenye kompyuta kabla meli haijafunga kamba, na anayeutekeleza ameketi kwenye kibanda cha kreni, akichungulia chini kupitia kioo kilicho kati ya miguu yake. Mafunzo ya kazi hizi yanatolewa, miongoni mwa kwingine, Chuo cha Bandari kilichopo Tandika.

Lakini kuna mzigo mmoja ambao kwa sehemu kubwa umekwepa sanduku: magari yaliyotumika kutoka Japani. Meli zake ni kama jengo la maegesho linaloelea, na njia ya kuyatoa ni kuyaendesha, moja moja, kila moja na dereva wake. Dereva anashusha gari, anarudishwa melini kwa basi dogo pamoja na wenzake, anashusha jingine. Ni utaratibu wa makuli wa zamani karibu kila hatua, isipokuwa huyu anatakiwa awe na leseni.