Nahau za Kiingereza kazini: anza na sikio, mdomo utafuata

Mwezi wa nane Arusha hakuna mvua. Dada mmoja wa mapokezi alimkaribisha mgeni wake, Mmarekani, kwenye chakula cha usiku hotelini. Mgeni akajibu, "Can I take a rain check?" Dada akamtoa wasiwasi: anga ni jeupe, hatalowa. Mgeni akatabasamu, akapanda zake chumbani. Dada akakaa siku tatu akijua kuna jambo limempita, bila kujua ni lipi.

Mgeni alikuwa anasema: asante, leo hapana, labda siku nyingine. Msemo huo umetoka kwenye viwanja vya besiboli vya Marekani, miaka ya 1880. Mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alipewa tiketi ya kurudi siku nyingine. Ukishaisikia habari hiyo huisahau tena. Ila mtu aliyesimama mapokezi hana muda wa habari za besiboli. Ana sekunde mbili, mgeni anamtazama, na anatakiwa ajibu.

Ninachofundisha mimi ni hizo sekunde mbili.

Wanafunzi wangu wa jioni ni watu wazima: waongoza watalii, wahasibu, wapokezi, mawakala wa forodha. Wengi wana kidato cha nne, yaani wamesoma fizikia, biolojia na hesabu kwa Kiingereza miaka minne mizima. Wape sentensi waigeuze kuwa kauli ya kutendwa, hawakosei. Kinachowakwaza ni Kiingereza cha korido, kile ambacho kila neno unalijua na sentensi nzima huielewi.

Zamani niliandika nahau ishirini ubaoni, maana zake pembeni. Walinakili, wakakariri, Ijumaa wakapata kumi na nane kati ya ishirini. Jumatatu bosi aliitamka mojawapo upesi upesi, katikati ya maneno mengine, huku anaelekea kwenye gari, na hakuna aliyeishika. Orodha ile ilikuwa imefundisha jicho, na kazini nahau huingia kwa sikio.

Ndipo nikahamia kwenye igizo dhima, na nikaligeuza kidogo. Kwa kawaida mwalimu huwapa wanafunzi wawili mazungumzo yaleyale, kila mmoja akijua mwenzake atasema nini. Mimi natoa kadi mbili zisizofanana. Kadi ya mteja inasema: "Unataka safari ya siku tano. Hutaki bei kamili, unataka makadirio tu ukazungumze na mumeo. Sema: 'Just give me a ballpark figure.'" Kadi ya mfanyakazi ina bei za malazi, gari na viingilio vya hifadhi. Nahau haimo. Mwenye kadi hiyo ataisikia kwa mara ya kwanza pale pale, mbele ya wenzake, kama itakavyokuwa ofisini.

Mara ya kwanza tulipoigiza hii, mhasibu mmoja hodari alinyamaza, kisha akaanza kujumlisha kila kitu hadi senti ya mwisho. Mteja akarudia, "No, no, just a ballpark figure." Mhasibu akajumlisha upya, kwa uangalifu zaidi. Nikasimamisha igizo, nikauliza darasa: mteja anaonyesha dalili gani? Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, ametumia 'just' mara mbili. Anataka kitu kidogo kuliko anachopewa." Kijana huyo hakuijua nahau. Aliisoma kwa vilivyoizunguka, na huo ndio ujuzi ninaoutafuta kuliko wote. Tukarudia, safari hii mhasibu akajibu, "Roughly between two and three thousand dollars per person. I'll confirm tomorrow." Kwa lugha yetu: bei ya juu juu ni hii, kamili utaipata kesho.

Kuna kikwazo kingine, nacho hakihusiani na Kiingereza. Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa. Bosi akisema jambo, unaitikia ndiyo, hata kama umeambulia nusu, kwa sababu kumrudisha nyuma mkubwa anayesema ni kama kumkosea adabu. Mimi naiita ndiyo ya heshima. Kwa bosi wa kigeni, ndiyo hiyo maana yake ni kwamba umeelewa na kazi itafanyika, na isipofanyika anakuona mzembe. Kwa hiyo katika kila igizo naweka kanuni: kabla ya kutekeleza, rudisha kwa maneno yako ulichosikia. "Just to be sure, do you mean...?" Mama mmoja wa makamo aliniambia sentensi hiyo ilikuwa nzito mdomoni kuliko nahau zote. Tuliirudia mpaka ikatoka bila sauti yake kutetemeka. Sikumharakisha, kwa sababu heshima aliyolelewa nayo ni mali, na nilitaka aone kwamba kuuliza vizuri nako ni heshima.

Igizo ninaloliandaa kwa uangalifu mkubwa ni la kuachishwa kazi. Kadi ya meneja inasema: "I'm afraid we have to let you go." Jioni moja mwongoza watalii aliyekuwa upande wa pili alisikiliza, akashika begi lake, akasema, "Thank you, sir. See you tomorrow." Watu wakacheka. Kisha dada mmoja akasema taratibu, "Kaka, unga umemwagika." Chumba kikanyamaza. Mwongoza watalii alikuwa amesikia kwamba meneja anaogopa, na kwamba yeye ameruhusiwa kuwahi nyumbani.

Hapo nilitumia nusu saa nzima. Nikawauliza, kwetu bosi anakuambiaje? Majibu yakamiminika: tumeamua kukupumzisha, upishe wengine, tutakuita mambo yakikaa sawa. Kumbe sisi nasi tunafunika habari mbaya kwa kitambaa laini. Wakishaliona hilo kwa Kiswahili, hawahitaji kukariri kwa Kiingereza. Wanajua "I'm afraid" ya mkubwa si woga, ni mlango wa habari mbaya, na kinachofuata kisikilizwe kwa makini. Tulipoigiza tena, mwongoza watalii aliketi, akauliza, "May I know the reason? And when is my last day?" Hayo ndiyo maswali yanayolinda haki ya mtu.

Nahau zenyewe natoa wapi? Kwao. Kila mmoja ana daftari dogo anamoandika msemo uliompita kazini: nani alisema, alimwambia nani, nini kilifuata. Kadi zangu zinatoka humo. Kwa jioni moja tatu zinatosha. "Raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, sifundishi, hakuna daftari lililowahi kuileta.

Na siwahimizi kuzitumia haraka. Kijana akishaonja "touch base", yaani kuwasiliana kwa kifupi, ataitia kwenye kila barua pepe, hata kwa mteja mzee anayeandika kwa adabu ya zamani. Ninachotaka azielewe zote, atumie chache, tena pale ambapo mwenzake ameanza kuzitumia.

Daftari la wiki iliyopita lilileta "table". Wakala wa forodha alikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na Mwingereza na Mmarekani, mmoja akasema, "Let's table it." Yeye alitafsiri kama mtu aliyezoea Bunge letu, ambako hati huwasilishwa mezani, akafungua faili tayari kujadili. Mwingereza angemwelewa, maana kwake "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe. Aliyesema alikuwa Mmarekani, na kwake ni kuliweka kando. Hapa hakuna maana moja ya kukariri. Kwenye kadi ya wakala nimeandika swali moja tu, nalo ndilo tutakaloigiza Jumanne: "Do you mean now, or later?"