Je, wajua kwa nini majina ya buibui yametangulia ya wanyama wengine wote?

Jina kamili la kisayansi la simba ni Panthera leo (Linnaeus, 1758): jina lenyewe, kisha aliyelitoa, yaani mtaalamu wa viumbe wa Uswidi Linnaeus, na mwaka alipolitoa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1758, na lililotolewa kabla ya hapo halitambuliwi. Buibui peke yao wamesalimika. Yule wa bustani za Ulaya, mwenye msalaba mweupe mgongoni, ni Araneus diadematus Clerck, 1757.

Carl Clerck alizaliwa Uswidi mwaka 1709, na riziki yake aliipata katika kazi ya kodi jijini Stockholm. Mwaka 1739 alimsikiliza Linnaeus akifundisha jijini humo, akavutwa na elimu ya viumbe. Mwaka 1757 akatoa Svenska Spindlar, kitabu cha buibui wa Uswidi chenye picha za rangi, kwa Kiswidi na Kilatini. Rangi hizo zilikuwa na maana kubwa: ukimchoma buibui pini na kumkausha kama kipepeo, tumbo lake laini husinyaa na rangi hupotea. Siku hizi huhifadhiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na hata humo rangi hufifia.

Kila buibui Clerck alimpa jina la maneno mawili, la jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu, na la spishi, yaani aina yenyewe. Linnaeus alikuwa ameshaifanyia mimea hivyo mwaka 1753, lakini wanyama aliwafikia mwaka 1758. Kwa haki kabisa, kanuni inakichukulia kitabu cha Clerck kana kwamba kilitoka 1 Januari 1758, na majina yake yanayashinda hata ya Linnaeus. Mwaka unaoandikwa, hata hivyo, hubaki 1757. Wengi hukosea hapo wakaandika 1758.

Kosa jingine ni mabano, ambayo watu huyadhani pambo. Mtazame buibui wa maji. Hupanda juu ya maji, vinyweleo vya tumbo vikanasa hewa, kisha huzama aking'aa kama fedha na kuiachia chini ya utando alioufunga kwenye mimea. Hurudia safari hiyo mpaka apate kengele ya hewa ya kukaa ndani yake. Clerck alimwita Araneus aquaticus. Baadaye alihamishiwa jenasi nyingine, ndiyo maana leo huandikwa Argyroneta aquatica (Clerck, 1757). Yule wa msalaba hakuhama, kwa hiyo hana mabano.